Kifua Jumanne, Moyo Alhamisi

Mama mdogo ana kadi mbili za kliniki. Ya kifua ni ya Jumanne, ya presha ni ya Alhamisi. Huzifunga kwa mpira wa noti, akazitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima, na kila ninapompeleka hospitali hunikabidhi moja tu, ile ya siku hiyo. Nyingine hurudi kwenye mkoba. Jumanne moja mwaka jana niliitoa hiyo ya pili nikaiweka mezani kwa daktari. Aliitupia jicho, akanirudishia. "Hiyo ni ya Alhamisi," akasema. Wala hakusema kwa ubaya. Foleni huko nje ilikuwa imefika getini.

Mama mdogo hajawahi kuvuta sigara. Alikulia Makete, akaja Dar es Salaam msichana, akakaanga vitumbua kwa mkaa zaidi ya miaka ishirini kwenye kibaraza chenye ukuta pande tatu. Kwa muda mrefu aliambiwa ana pumu. Alipopimwa pumzi ndipo likatajwa jina jingine: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Presha iligunduliwa baadaye, kwenye jengo jingine, na watu wengine.

Ningeyaacha mambo yalivyo kama si Bibi, mama yake. Bibi alikuwa mtu wa kifua tangu nimemfahamu. Kikohozi chake ndicho kilichotuamsha asubuhi likizoni. Alikufa mwaka 2011, mwezi wa Juni, baridi ya Makete ikiwa kali kuliko kawaida. Kifua kilimbana kama siku nne hivi, kikaanza kulegea, akanywa uji, tukasema amepona. Usiku ule ule akafa. Cheti kiliandikwa moyo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mjomba alisimama kwenye msiba akasema mtu hawezi kuumwa kifua miaka ishirini halafu afe kwa moyo. Moyo umetoka wapi? Lazima kuna mkono wa mtu. Na mtu hakukosekana: mama mmoja jirani, mjane, ambaye alikuwa amegombana na Bibi juu ya mpaka wa shamba la viazi. Tangu siku ile nyumba zile mbili hazipeani hata moto. Mimi nilikuwa kijana wa chuo, nilijua mjomba anakosea, ila nilipotakiwa kueleza anakosea wapi, sikuwa na la kusema. Swali lake lilikuwa zuri. Moyo umetoka wapi?

Miaka kumi na zaidi baadaye, kadi ya Alhamisi iliporudishwa mezani, swali likanirudia. Nikaanza kusoma. Nilitegemea kupata jibu kwenye vitabu vya tiba, nikajikuta nasoma historia, tena historia ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kukutana.

Wa kwanza ni Frederick Akbar Mahomed. Alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka 1849. Babu yake, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, India, ndiye aliyefungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi jijini London mwaka 1810. Mkahawa ukafa, akahamia Brighton kuendesha bafu za mvuke. Mjukuu akasomea udaktari katika hospitali ya Guy's, London. Mwaka 1872, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, alikifanyia marekebisho chombo kilichoundwa na Mfaransa Étienne-Jules Marey mwaka 1860, kiitwacho sfigmografu. Chombo hicho kilifungwa juu ya kifundo cha mkono, mahali pale ambapo mganga hushika mapigo. Mshipa ukipiga, unasukuma kijiti. Kijiti kinachora mstari. Na unachora juu ya nini? Mara nyingi karatasi za vyombo hivyo zilipakwa masizi kwanza, ncha ya kijiti ikapita ikayakwangua. Nililisoma hilo nikakumbuka dari ya jiko la Bibi.

Mahomed aliona kitu ambacho vidole pekee visingeweza kukieleza. Mstari wa kijana mwenye afya hupanda, kisha hushuka taratibu. Wa mzee ni tofauti: hupanda, na kabla haujashuka huwa na bega, kama mtu anayesukumwa tena mgongoni. Akaona pia kwamba watu wengine ambao si wazee, wanaotembea na kufanya kazi zao, wana mstari wa namna ile ile. Wakati ule presha iliaminika kuwa ni jambo linalofuata ugonjwa wa figo. Yeye akasema hapana, presha inaweza kutangulia, mtu akaonekana mzima kabisa huku mishipa yake inaumia. Alisema hayo kabla ya kifaa cha kufunga mkononi tunachokijua leo. Hicho kililetwa na Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896. Mahomed hakukiona. Alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1884, ana miaka 35, na jina lake likafunikwa kwa muda mrefu na majina ya wengine.

Lile bega kwenye mstari lina maelezo yake, na ndiyo kiini cha habari hii. Mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, haujakaa kama bomba la chuma. Umekaa kama mpira. Moyo ukisukuma, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo ukipumzika, aota hujirudi na kuisukuma damu ile mbele. Kwa hiyo mwili hupata damu hata sekunde ambayo moyo umelegea. Tena ni katika kulegea huko ndipo misuli ya moyo yenyewe hulishwa kwa wingi. Sasa mpira ukikauka, mambo hugeuka. Wimbi la mapigo hukimbia kasi, hugonga huko mbele kwenye mishipa midogo, hurudi upesi na kuukuta moyo bado unasukuma. Moyo unafanya kazi mara mbili, na chakula chake kinapungua. Mshipa umezeeka. Umri wa kwenye kitambulisho ni habari nyingine.

Mapafu yalikuwa na historia yao, kando. Mwaka 1846 Mwingereza John Hutchinson alitangaza spiromita, pipa ndani ya pipa la maji ambamo mtu alipuliza pumzi yake yote ili ipimwe. Aliwapima watu zaidi ya 2,000: mabaharia, askari, wapiganaji mieleka. Aliamini kwamba kiasi cha pumzi kinaweza kubashiri nani atakufa mapema, na akawaza kwamba kampuni za bima zingependa kujua. Kisha akaondoka kwenda Australia, akafia Fiji mwaka 1861. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watafiti wa mji wa Framingham, Marekani, waliokuwa wakifuatilia maradhi ya moyo ya watu 5,209 tangu 1948, waliona kweli kwamba mwenye pumzi ndogo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya moyo kushindwa kazi. Hutchinson alikuwa ameliotea.

Lakini kabla ya hapo likaja jibu moja ambalo liliwaridhisha madaktari kupita kiasi.

Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, kijana daktari wa Kijerumani aitwaye Werner Forssmann alijipitishia mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, akatembea mwenyewe hadi chumba cha eksirei kuthibitisha umefika. Ulikuwa wazimu. Miaka ya 1940, André Cournand na Dickinson Richards wa hospitali ya Bellevue, New York, waliugeuza wazimu ule kuwa kipimo, wakaweza kupima shinikizo ndani ya upande wa kulia wa moyo na kwenye mishipa iendayo mapafuni. Wote watatu walipewa Nobel mwaka 1956. Huko Sweden, mwaka 1946, Ulf von Euler na Göran Liljestrand walikuwa wameonyesha kwa paka kwamba hewa ya oksijeni ikipungua mapafuni, mishipa ya humo hujibana. Kama ni kona moja ya pafu iliyoziba, hiyo ni busara ya mwili: damu inapelekwa kwenye hewa nzuri. Kama pafu lote lina shida, basi milango yote imefungwa na moyo unaisukuma. Upande wa kulia unavimba, unachoka, maji yanarudi nyuma, miguu inajaa.

Bibi alikuwa anajaa miguu. Mama mdogo aliikanda kwa maji ya chumvi.

Kwa hiyo yule aliyeuliza moyo umetoka wapi angeweza kujibiwa tangu miaka ya 1950: umetoka mapafuni, kwa mlango wa kulia. Na aliyelipeleka jibu hilo mpaka jikoni ni mwanamke. Sivaramakrishna Padmavati alizaliwa Burma mwaka 1917, akasomea udaktari Rangoon, akakimbia na familia yake mwaka 1942 jeshi la Japani lilipoingia. Alipitia Uingereza na Marekani, akarudi Delhi kufundisha katika chuo cha udaktari cha Lady Hardinge, hospitali yake ikiwa ya wanawake na watoto, na akawa miongoni mwa walioanzisha tiba ya moyo India. Mwaka 1959, pamoja na mwenzake Pathak, alichapisha kwenye jarida la Circulation habari za wagonjwa 127 wa Delhi ambao moyo wao ulikuwa umeharibiwa na mapafu. Vitabu vya Ulaya vilikuwa vikimwonyesha mgonjwa wa aina hii kama mwanamume mtu mzima, mvutaji, mfanyakazi wa kiwandani. Delhi picha ilikataa. Wanawake walikuwa wengi, ingawa wavutaji kati yao walikuwa wachache mno, tena walikuwa wakiugua wakiwa na umri mdogo kuliko wanaume. Wanawake hao walipika kwa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, tangu utoto, ndani ya nyumba.

Nilirudia kusoma sehemu hiyo mara kadhaa. Mwaka 1959 Bibi alikuwa msichana, anapuliza moto kwenye mafiga matatu, jiko halina dirisha kwa sababu dirisha linaingiza baridi. Ugonjwa wake ulikuwa umekwisha kuchapishwa. Padmavati mwenyewe aliishi miaka 103. Alifariki Delhi mwezi Agosti 2020 kwa korona, maradhi ya mapafu.

Sasa, kwa nini nasema jibu la upande wa kulia liliridhisha kupita kiasi? Kwa sababu lilikuwa sahihi, na likaachwa liwe jibu lote. Daktari wa kifua alijua moyo unaumia mwishoni, kwa kuchoshwa na mapafu. Mishipa ya mwili mzima, upande wa kushoto, aota, ubongo, hayo yalikuwa ya jengo jingine. Ndivyo kliniki zilivyogawanywa huko Ulaya, nasi tukarithi mgawanyo pamoja na siku zake za wiki.

Uzi uliounganisha majengo hayo uliokotwa Malmö, Sweden, mwaka 1963. Carl-Bertil Laurell na kijana aliyekuwa akifanya kazi naye, Sten Eriksson, walikuwa wanapitia vipimo vya protini za damu vipatavyo 1,500. Katika vitano, utepe mmoja haukuwepo. Watatu kati ya wale watano walikuwa wagonjwa wa mapafu. Protini iliyokosekana kumbe ni mlinzi. Mwilini mna vimeng'enya vinavyotafuna nyuzi za elastini, na yule mlinzi huvizuia. Asipokuwepo, vifuko vya hewa hulegea na kupasuka kijana angali kijana. Kwa sisi wengine tuliozaliwa na mlinzi wetu, moshi hufanya kazi ile ile polepole: huita chembe nyeupe za damu, nazo hufika na vimeng'enya vingi kuliko mlinzi anavyoweza kuvishika.

Elastini ndiyo inayolipa pafu uwezo wa kujirudi baada ya kuvuta pumzi. Ndiyo hiyo hiyo inayoifanya ngozi isikunjamane, na aota iwe mpira. Mwili huitengeneza kwa wingi utotoni, kisha karibu unaacha. Tunayotembea nayo ukubwani ni ile tuliyopewa mtoto, na hakuna duka la kununua nyingine.

Ukishajua hilo, swali linajitokeza lenyewe: anayepoteza nyuzi za mapafu, za mishipa anazo? Huko Cardiff, Wales, mwaka 2007, Ramzi Sabit na wenzake walichapisha majibu. Waliwachukua wagonjwa 75 wa ugonjwa huu sugu wasiokuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana, wakawalinganisha na watu 42 wa umri ule ule na historia ya uvutaji ile ile, ila wenye mapafu mazuri. Wakapima kasi ya wimbi la mapigo ndani ya aota. Wenye mapafu mazuri: chini kidogo ya mita 9 kwa sekunde. Wagonjwa: zaidi ya 11. Wataalamu wa Ulaya leo huhesabu mita 10 kuwa mstari wa hatari. Sigara zilikuwa sawa, miaka ilikuwa sawa, na mishipa ilikuwa ya watu wa rika mbili. Hiki ndicho alichokuwa anakitafuta Mahomed juu ya masizi yake, safari hii kwa kompyuta.

Elastini peke yake haibebi mzigo wote. Moto wa ndani wa mapafu humwagikia kwenye damu na kuchokoza kuta za mishipa, oksijeni hupungua, mgonjwa anaogopa kutembea kwa sababu ya pumzi, anakaa, na kukaa nako kunazeesha. Vyote vinasukuma upande mmoja.

Mwaka huo huo wa 2007 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la dawa za kuvuta, lililofuatilia wagonjwa zaidi ya 6,000. Kamati ilikaa kupitia vifo, kimoja kimoja, kuamua nani kafa kwa nini. Mapafu yaliongoza. Moyo na mishipa vilichukua kama robo nzima.

Na kuna utafiti mmoja wa 2010 ambao niliusoma nikaufunga, nikatoka nje. Watafiti wa Uingereza walipitia kumbukumbu za wagonjwa 25,857. Waliangalia siku zinazofuata baada ya kifua kuchachamaa. Kati ya siku ya kwanza na ya tano, hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida.

Siku ya kwanza mpaka ya tano. Bibi alibanwa siku nne.

Simwandikii Bibi cheti kipya. Hakupimwa mapigo wala pumzi, na sina haki ya kujifanya daktari wa marehemu. Lakini mjomba alidai mtu wa kifua hafi ghafla kwa moyo, na hilo ni uongo. Anakufa, na hufa hasa katika siku zile ambazo ndugu wanaanza kupumua.

Kuunganisha majengo mawili nako si kazi nyepesi. Mwaka 2016 jaribio la wagonjwa zaidi ya 16,000 waliokuwa na mapafu mabovu na hatari ya moyo kwa pamoja lilionyesha kwamba dawa ya kuvuta haikupunguza vifo kwa kiasi cha kujivunia. Mwaka 2019 dawa moja ya moyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kifua wasiokuwa na sababu ya moyo ya kuinywa. Haikuwasaidia, na waliolazwa kwa kubanwa sana waliongezeka. Hakuna kidonge kimoja cha Jumanne na Alhamisi.

Kilichonipa moyo kidogo kilitoka milimani Guatemala, ambako wanawake wanaopika kwa kuni walipewa majiko yenye bomba la kutolea moshi. Hawakupewa gesi wala umeme. Kuni zile zile, moshi ukapelekwa nje. Presha yao ya juu ikawa chini kwa wastani wa alama 3.7 kuliko ya wenzao wa moto wa wazi. Ni kidogo, lakini dawa hawakumeza. Kwetu huku hali si ngeni: utafiti wa Masindi, Uganda, uliotoka 2015, ulikuta asilimia 16.2 ya watu wazima vijijini wana ugonjwa huu, na karibu wote wanaishi na moshi wa jikoni. Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wameifikia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi tunao nyumbani. Mama mdogo anautumia kwa chai. Maharage, anasema, gesi inayamaliza hela kabla hayajaiva, kwa hiyo huyapeleka kwenye mkaa. Nimehamishia jiko nje, chini ya mwembe. Amelalamika juu ya kuku, kisha akazoea.

Nimenunua pia kipimo cha presha. Nampima asubuhi, na akibanwa kifua nampima kwa wiki nzima, nikaandika namba nyuma ya kadi ya Jumanne. Daktari wa mwisho tuliyemkuta aliigeuza, akazisoma zote, akavuta kiti.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba simu. Amezeeka, anasikia vizuri asubuhi tu. Nikamweleza polepole, kuanzia moshi mpaka siku tano. Hakunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza alikaa kimya hadi nikadhani salio limeisha.

"Kwa hiyo yule mama hakuwa na kosa," akasema.

"Hakuwa nalo, mjomba. Yupo bado?"

"Yupo. Jiko lake si lile lile kama la mama yetu. Usiku tunamsikia anavyokohoa, hata huku kwetu."

Akaniuliza kama kile kipimo cha presha kinauzwa Njombe, au mpaka kitoke Dar.